Barua ya wazi kwa vijana wa chembe zenye chapa ya molekuli

Wanangu mnaosoma kemia na maabara ya tiba hapa Dar es Salaam,

Nawasalimu nyote. Nasikia wengi wenu mmevutwa na chembe za nano zenye chapa ya molekuli, yaani vipande vidogo mno vyenye matundu yanayokamata molekuli moja inayotafutwa, na nimefurahi sana. Mimi niliyetumikia maabara za hospitali hadi kustaafu nina jambo moja la kuwasihi: msiisifu chembe kwa kile inachokamata kabla hamjajua inaacha nini kipite.

Njia yenyewe mnaijua. Molekuli inayotafutwa inafanywa kiolezo, monoma, yaani molekuli ndogo za kuungana, zinajipanga kukizunguka na kufungwa pamoja kuwa polima, mnyororo wao mrefu, kisha kiolezo kinaoshwa na kuacha tundu lenye umbo lake. Günter Wulff wa Ujerumani alilionyesha hilo mwaka 1972. Lakini kazi ninayotaka muisome mpaka muizoee ni ya mwaka 1993, ya Klaus Mosbach na wenzake wa Lund, Uswidi. Walitengeneza polima yenye chapa ya theofilini, dawa ya pumu, wakaitumia kupima seramu ya binadamu, ule umajimaji wa damu unaobaki damu ikiganda. Theofilini na kafeini, ile ya kwenye kahawa, zinatofautiana kwa kikundi kimoja tu cha methili, kaboni moja na hidrojeni zake tatu. Sasa mfikirieni mgonjwa wa pumu aliyekunywa kahawa Kariakoo asubuhi kabla ya kwenda kutolewa damu. Kipimo kisichozitofautisha hizo mbili kitamwambia daktari kwamba dawa imezidi, na mtu anayehangaika kupumua atapunguziwa dozi. Polima ile ilizitofautisha.

Ndiyo maana nasisitiza pacha. Kila mnapotengeneza chembe zenye chapa, tengenezeni na nyingine kwa viambato vilevile, joto lilelile na muda uleule, ila bila kiolezo. Zikikamata karibu sawa, basi chapa haikushika. Mmepata polima inayonata tu. Huyu pacha ndiye wa kwanza kusahaulika mtu anapokimbizana na tarehe ya kuwasilisha tasnifu. Bila yeye mimi sifungui ukurasa wa pili.

Halafu msiishie kwenye bafa, yaani mmumunyo safi wa maabara. Lita moja ya seramu ina gramu 40 hivi za albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote humo, wakati troponini, protini inayoonyesha moyo umeumia, tunaihesabu kwa nanogramu. Chembe iliyofanya vizuri kwenye bafa inaweza kufunikwa na albumini mara inapoingia kwenye seramu, matundu yakazibika.

Kwa protini, naipenda njia ya mkemia Sergey Piletsky na wenzake. Kiolezo kinabandikwa juu ya shanga ndogo za kioo na chembe zinaundwa zikikizunguka. Yanapitishwa kwanza maji baridi, yanaondoka na zilizoshika kilegevu. Ndipo yanafuata ya nyuzi 60 hivi, yanayozifungua zilizoshika barabara, ambazo ndizo mnazozitaka. Simameni hapo kwenye shanga, muangalie yale ya baridi yakitoka. Hayo mnayamwaga, hata kama roho inawauma kwa kuwa ndani yake mna sehemu kubwa ya kazi ya siku nzima. Na kwa kuwa kiolezo kinabaki kwenye shanga, mnapunguza hatari ya mabaki yake kuvuja siku ya kipimo na kuwapa jibu la uongo.

Nawahimiza kwa sababu kazi hii inatufaa. Kingamwili, zile protini zinazokamata shabaha kwenye vipimo vya kawaida, nyingi hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na mnajua umeme ukikatika mwezi wa Februari jokofu la zahanati linakuwaje. Polima kwa kawaida huvumilia joto kuliko protini. Ila msiliandike hilo kwa kuwa wengine wameliandika. Wekeni chembe zenu kabatini bila kiyoyozi, zipite Februari na Machi pamoja na unyevu wake wote, halafu mpime upya.

Mtasikia pia habari za mkemia Kenneth Shea na wenzake, ambao mwaka 2010 walionyesha chembe za aina hii zikinasa melitini, sumu ya nyuki, ndani ya damu ya panya hai. Ni kazi kubwa. Lakini mwandishi wa habari akiwauliza kama mmepata dawa ya sumu ya nyoka, mjibuni hapana, waziwazi. Watu wetu wameuziwa matumaini ya kutosha.

Mkipata matokeo, nileteeni jedwali: chembe zenye chapa, pacha wake, na zote mbili ndani ya seramu ya wagonjwa walioridhia, kwa kibali cha kamati ya maadili. Nitalisoma usiku huohuo.

Wenu,
Mzee wa maabara, Dar es Salaam