Barua kwa mwanangu: umeficha sura, usiache anwani

Bukavu

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia kwamba picha ulizopiga Ndosho, mtaa wa Goma, katika nyumba za wale waliowapokea wakimbizi wa vita, zimeombwa na watu wa Ulaya. Najua ulivyojitahidi kuwapiga picha wakiwa wamegeuza mgongo, au kukata picha ili nyuso zisionekane. Hata hivyo, nakuomba usitume hata moja kabla hujasoma barua hii hadi mwisho.

Simu inapopiga picha huandika ndani ya faili lenyewe habari ambazo jicho halizioni: tarehe, saa hadi sekunde, aina ya simu, na ikiwa kamera imeruhusiwa kujua mahali ilipo, latitudo na longitudo, yaani namba zinazoonyesha kwenye ramani pale uliposimama. Habari hizo ndizo metadata, na utaratibu unaotumika zaidi kuziandika huitwa Exif, uliotolewa Japani mwaka 1995 ili picha za kamera za dijitali zisomeke kwenye vifaa mbalimbali. Haukuwa na nia mbaya. Lakini huko Goma, ambako mgeni huelekezwa kwa kutajiwa kanisa au duka la jirani, namba hizo humfikisha mtu asiyemjua mwenyeji hadi langoni pake, kwa tofauti ya mita chache tu. Yule mama mwenye nyumba alikubali picha. Hakukubali ramani ya kwake.

Jambo hili limewahi kumpata mtu mwenye ujuzi mkubwa wa kompyuta. Desemba 2012, John McAfee, Mmarekani aliyejulikana kwa programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa amejificha baada ya kutoroka Belize, ambako polisi walitaka kumhoji kuhusu mauaji ya jirani yake. Waandishi wa jarida la Vice waliofuatana naye wakachapisha picha iliyopigwa kwa simu, nayo metadata yake ikaonyesha kwamba yuko Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa huko.

Utaniambia kwamba WhatsApp hufuta habari hizo. Ni kweli kwa picha iliyotumwa kama picha ya kawaida. Lakini wanaotaka ubora kamili hukuomba uitume kama dokumenti, na hapo kila kitu husafiri kama kilivyo. Barua pepe nayo haifuti chochote.

Basi zima kwanza ruhusa ya mahali katika mipangilio ya kamera. Kwa picha zilizokwisha kupigwa, tengeneza nakala, kisha usafishe nakala hiyo peke yake. Usiguse picha za asili, kwa sababu tarehe na mahali vinaweza kuwa ushahidi mbele ya hakimu siku moja, na nisingependa ushahidi huo upotee; zihifadhi kwenye diski yenye nywila, wala usizibebe kwenye simu unapopita vizuizi vya barabarani. Kwenye kompyuta yako ya Windows, fungua Propriétés za faili, kisha Détails, na chini kabisa utakuta mahali pa kuondoa habari za binafsi. Ikiwa picha ni nyingi, programu ya bure ya Phil Harvey iitwayo ExifTool husafisha folda nzima kwa amri moja. Ukimaliza, fungua nakala tena uhakikishe.

Kuna jambo moja linalonitia hofu zaidi. Ndani ya Exif huwekwa pia picha ndogo ya utangulizi, na baadhi ya programu hukata picha kubwa zikaiacha ile ndogo bila kuguswa, hivyo uso uliodhani umeuondoa ukabaki humo. Nako kusafisha metadata hakufuti kibao cha shule ukutani wala sare ya mtoto. Hayo yanahitaji macho yako mwenyewe.

Zile ulizokwisha kumtumia mjomba wako wa Lubumbashi kwa barua pepe bado zina kila kitu. Mpigie leo, mwombe azifute, hata kwenye kisanduku cha barua zilizotupwa, kisha umpelekee nakala safi.

Mama yako