Barua ya wazi kwa vijana wa vikundi vya wavuvi na mikoko, Lamu

Assalaam alaykum wanangu,

Nimesikia mmegawanyika. Kuna wanaotaka upungufu wa samaki utengenezewe modeli ya kompyuta. Wengine wanasema hesabu ni za wenye miradi, tukae barazani watu wazungumze. Na wapo wasiotaka kusikia lolote mpaka waliodhulumiwa wapate haki yao. Nawaandikia kwa sababu nyote mna hoja, na nyote mnakosea mkidhani hoja ya mmoja yatosha.

Tazameni jambo lilivyosokotana. Samaki wakiadimika, mvuvi hutafuta wavu wa matundu madogo; wavu huo huzoa wachanga; wachanga wakishazolewa, misimu inayofuata samaki huadimika zaidi, na matundu hupunguzwa tena. Juu ya hapo, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa miaka, na mwenye jarife, wavu wa samaki wakubwa, akabaki na mchana tu. Mwaka 2018 ukataji miti uliposimamishwa nchini, mkata boriti za mikoko alikosa boriti. Aende wapi kama si baharini? Bandari mpya ya Lamu nayo ilichimbwa upande wa Magogoni, kwenye ghuba ambako vyombo vidogo hujihifadhi wakati wa kusi, bahari ya nje ikichafuka. Gati la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021.

Njia ya kufuatilia mizunguko ya namna hii ilianzishwa na Jay Forrester, MIT, Marekani, miaka ya 1950, akianzia viwandani. Uzuri wake ni kwamba haisahau muda: ulilolifanya leo hukujibu baada ya misimu kadhaa, wakati wewe ushasahau ulifanya nini. Kwa nyavu na mikoko sijaona njia bora zaidi. Lakini yahitaji kwanza tuwe tumekubaliana tatizo ni lipi, nasi hatujakubaliana. Kwa dalali tatizo ni barafu na bei. Kwa askari wa misitu ni shoka. Nahodha wa Kizingitini atakwambia ni meli, na mzazi wa Mkomani atakuonyesha kijana wake anayeshinda bila kazi.

Hali hiyo ndiyo iliyomshughulisha Peter Checkland, wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Akaacha kulazimisha tatizo liwe moja. Watu wachore hali yao kwa mkono, pamoja na ugomvi uliomo. Kila upande ueleze unaionaje. Kisha watafute mabadiliko ambayo kila mmoja atayaridhia, hata kama si yale aliyoyataka yeye.

Upungufu wa njia hii kwetu ni mkubwa, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Wanaochora ni waliohudhuria. Nani huhudhuria mikutano yetu? Werner Ulrich wa Uswisi aliweka, mwaka 1983, maswali 12 ya mipaka, yaani ya nani na nini kihesabiwe ndani, na nani aachwe nje. Nani ananufaika? Nani anaamua? Ujuzi wa nani unahesabiwa kuwa ujuzi? Nani anawasemea wanaoumia bila kuitwa? Kila swali huulizwa mara mbili: ilivyo, na inavyopaswa kuwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari. Ulikuwa ushindi wa watu waliokwenda kortini tangu mwaka 2012, nami nawaombea dua. Lakini orodha yoyote ina mpaka. Mama karanga anayenunua samaki akawakaanga kuuza, mshona nyavu, fundi wa dau, kijana anayebeba samaki kutoka ufuoni: wote hawa wanakula kwa samaki yule yule. Ukianza kupima hasara bila kuwauliza, modeli yako itakuwa safi na itawadhulumu.

Mmoja wenu aliniuliza kama njia hizi haziharibiani. Ni swali zito. Forrester huichukulia hali kama kitu chenye mwendo wake unaoweza kupimwa; Checkland huichukulia kama mazungumzo ya watu wanaoona mambo tofauti. Mwaka 1991 Robert Flood na Michael Jackson walishauri kila njia ibaki na kazi yake, moja iongoze kulingana na hali na nyingine zisaidie. Nakubaliana nao, ila utaratibu una uzito. Fundi wa Matondoni hapigi msumari kabla ya kutoboa kwa keekee, maana ubao utapasuka. Kwetu Lamu maswali ya Ulrich yatangulie, michoro ifuate, ndipo mzunguko upimwe. Mchoro ukimfichua mtu mliyemsahau, rudini kwenye maswali, hata kama mfadhili ana haraka.

Wale wa kompyuta: msichukue hesabu za kaskazi mkazifanya za mwaka mzima. Kaeni na madaftari ya BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, na manahodha wazee pamoja, na panapokosekana namba, andikeni kwamba haipo.

Na mkutano ujao usiwekwe saa ambazo mashua zinarudi na mama karanga wako ufuoni wakinunua. Waulizeni wao kwanza saa ipi itawafaa, kisha ndipo mtangaze.

Wassalaam,
Mzee wenu, Lamu