Treisa si dawa ya kiharusi, rekebisheni

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu niko msichana na sijawahi kuwaandikia hata siku moja, lakini ile habari yenu ya "dawa mpya ya kiharusi kutoka Marekani" imenishinda kunyamazia. Ile si dawa jamani. Ni treisa, kemikali yenye mionzi kidogo, unadungwa kwenye mshipa unaingizwa kwenye mashine ya PET, mashine inaona imeenda kukaa wapi kwenye ubongo. Inaonyesha tu, haitibu.

Nimefanya kazi chumba cha eksirei miaka 19. Neva nyingi zina ganda la mafuta, mayelini, kama ule mpira wa waya wa stima. Damu ikikatika, kama kwenye kiharusi, seli zinazotengeneza hilo ganda nazo zinakufa, waya unabaki uchi. Treisa kama 3F4AP inashika hapo palipo uchi, kwenye matundu ya kupitishia potasiamu ambayo kwa kawaida yamefunikwa. Labda mwandishi wenu alichanganya kwa sababu imetokana na 4-aminopiridini, na hiyo kweli ni dawa, inawasaidia kutembea baadhi ya wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu ganda hilohilo. Ila ya kupigia picha ni kiasi kidogo mno, haimwinui mtu kitandani. Tena florini-18 iliyomo inapungua nusu kila dakika 110, hata ukiitoa Nairobi kwenye saiklotroni, mashine inayoitengeneza, ukaipakia basi la usiku, baada ya saa 12 imebaki kama asilimia 1. Sasa anayekuuzia kwenye chupa anakuuzia nini?

Maana ndicho kilichotupata. Kaka yangu alipata kiharusi mwaka huu, ndara ya mguu wa kushoto inamtoka njiani yeye anaendelea kutembea, hajui, mpaka mtoto amkimbilie nayo. Lakini mazoezi alikuwa anaenda mara mbili kwa wiki na vidole viwili vilishaanza kushika kikombe. Akaja kijana na begi, amekata ukurasa wenu ameuvika nailoni, anauza chupa shilingi 180,000, wifi yangu akauza mbuzi wawili akanunua, na mazoezi wakaacha wiki nne nzima eti dawa inafanya kazi, mimi siko, nimekuja kuikuta chupa kabatini nikainusa, tangawizi na spiriti! Vidole vimejikunja tena.

Na hata CT ya kawaida, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, mbona hamuiandiki? Siku aliyoanguka, gari la wagonjwa tuliambiwa tujaze mafuta wenyewe, mashine ya karibu imeharibika, tumefika kwenye inayofanya kazi saa 9 zimepita. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa ndani ya saa 4 na nusu, na lazima CT kwanza ionyeshe kwamba damu haijamwagika ndani. Kwa hiyo kaka yangu hakupata.

Naomba hivi. Masahihisho yatoke ukurasa uleule, herufi ukubwa uleule, Jumamosi tatu mfululizo, na chini yake muweke CT zipi zinafanya kazi wiki hiyo, Mbale, Soroti, Jinja, Kampala. Mtu apige simu kila Ijumaa asubuhi kabla hamjachapa. Mkikosa mtu nitapiga mimi, Ijumaa niko nyumbani.

Mstaafu wa eksirei,
Malaba