Anza na kutembea tu

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma mpango wako: kukimbia kila asubuhi, kuacha wanga kabisa, na kula mara moja kwa siku, vyote kuanzia Jumatatu. Nia ni njema, ila mambo matatu kwa mpigo hayadumu. Chagua moja, na ningekuwa wewe ningechagua kutembea.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Wastani ni ile kasi ambayo unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Wewe anza na dakika 10 kila siku, mara tu ukishavua nguo za kazi, uongeze dakika 5 kila wiki mpaka ufike 30. Utaona ni kidogo mno. Sawa. Pumzi na misuli huzoea upesi, kano na mifupa huchelewa. Ndiyo maana anayeanza kwa kishindo huumwa goti au muundi wakati ndiyo kwanza anajiona ana nguvu.

Ukizoea, ongeza kuchuchumaa. Simama mbele ya kiti, miguu upana wa mabega, peleka makalio nyuma mpaka yaguse kiti, kisha inuka bila kujirusha. Visigino vikinyanyuka au magoti yakiingia ndani, weka mto juu ya kiti ili usishuke sana. Fanya mara 8, pumzika dakika 2, rudia hadi seti 3. Pushapu zianzie ukutani, zihamie mezani, sakafu baadaye. Kila seti iishe ukiwa bado unaweza mbili zaidi. Misuli kuuma kesho yake na keshokutwa ni kawaida. Kiungo kuuma kwa ukali au kifua kubana si jambo la kuvumilia, acha hapo hapo ukamwone daktari.

Sasa hilo la wanga. Ukiuacha, mizani itashuka haraka wiki ya kwanza na utafurahi bure. Kila gramu ya wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hushikilia takriban gramu 3 za maji, na mengi ya yaliyopungua ni maji hayo. Ukirudi kula, nayo yanarudi. Afadhali upange sahani: nusu mboga na matunda, robo protini, robo wanga, ikiwezekana wa nafaka isiyokobolewa. Na usishinde na njaa. Anayeshinda hivyo usiku hula chochote kilicho karibu, halafu kesho anakimbia kujiadhibu. Mazoezi si faini ya chakula, tafadhali.

Utaruka siku, hilo halina mjadala. Watafiti wa University College London walifuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya: kwa kawaida ilichukua siku 66, ila wengine 18 na wengine walikadiriwa 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo ukikosa Jumanne, Jumatano ni dakika zako zilezile. Usizifanye mara mbili kulipia.

Chakula kiguse wiki ya tatu, na uanze na mboga peke yake. Ukifika dakika 30 niandikie, tupange siku za misuli.

Mama yako