Ndege ndogo za Wilson zitumie kifaa cha aina moja

Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi wa urubani hapa Uwanja wa Wilson. Juma lililopita nilikuwa na mkufunzi wangu juu ya milima ya Ngong tuliposikia rubani mwingine akitaja redioni mahali alipo. Palikuwa pale pale tulipokuwa sisi. Tulikodoa macho kila upande, tusimwone. Ghafla akapita chini ya bawa la kushoto, karibu kiasi cha kusoma herufi za usajili za 5Y ubavuni mwa ndege yake.

Tangu siku ya kwanza tunafundishwa kutazama nje, na ni fundisho jema. Lakini ndege mbili zinazoelekeana, kila moja kwa mwendo wa noti 100 (kama kilomita 185 kwa saa), hukaribiana mita 100 kila sekunde. Mwenzako akiwa kilomita moja mbele, mna sekunde kumi. Isitoshe, ndege itakayokugonga haisogei kwenye kioo. Hukaa pahali pamoja kama doa la uchafu, kisha inafura mara moja.

Kifaa cha ADS-B hupata mahali ulipo kutoka kwa setilaiti na kupatangaza mara mbili kila sekunde, pamoja na kimo chako na namba ambayo hakuna ndege nyingine duniani iliyo nayo. Vipo vya betri, vya kutoshea kiganjani, ambavyo hubandikwa dirishani na kukuonyesha wenzako kwenye tableti. Bawa au injini yaweza kuziba mawimbi, kwa hiyo hata pa kukibandika pafundishwe.

Ninachohofia ni kila mmoja kujinunulia chake. FLARM ya kawaida, kifaa kingine cha kuonya ndege zisigongane, kilichobuniwa Uswisi kwa ajili ya ndege zisizo na injini, haisikilizani na ADS-B. Marubani wawili wenye vifaa tofauti watakaribiana, kila mmoja akiamini anga ni tupu.

Machi 5, 2024, ndege ya abiria iligongana na Cessna ya mafunzo, zote kutoka Wilson. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna walifariki, mabaki yakaangukia Mbuga ya Nairobi. Naiomba KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, iagize ADS-B kwa kila ndege ndogo, ikianza na za mafunzo, na serikali ichangie gharama. Uingereza iliwarudishia marubani nusu ya bei, hadi pauni 250.

Jumamosi hii narudi Ngong na ndege ile ile. Bado haina kifaa.

Mwanafunzi wa urubani,
Lang'ata, Nairobi