Kufuli la tela lichaguliwe kwa vernia, si kwa kung'aa

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kusomba tumbaku ukiisha, matrekta hugeukia kazi nyingine na matela hubaki viwanjani, kuanzia Urambo na Kaliua hadi Sikonge, yakiwa na makufuli yanayong'aa. Mengi ya makufuli hayo hayazuii kitu. Si kwamba yote ni mabovu. Yapo mazuri, ila yamefungwa mahali yasipoenea, na kufuli lisiloenea humwachia mwizi nafasi ya kuingiza mtaimbo.

Chukua jicho la tela, lile tundu la mbele linalopokea pini ya trekta. Wengi hupitisha humo mnyororo mwembamba na kufuli la milimita 40. Pete ya kufuli la ukubwa huo, yaani ule upinde unaofunguka, huwa na unene wa milimita 6 hivi, na mkasi wa nondo huikata kwa urahisi. Dawa ni kulijaza jicho lenyewe. Pima kipenyo chake kwa vernia, ile rula ya fundi yenye taya za kubana, kisha utengeneze pini yenye kichwa kipana, iliyo pungufu kwa milimita 1 au 2 tu. Jicho lililolika likawa kama yai lipimwe upande wake mwembamba. Likishajaa, mwizi hata akija na trekta lake hana pa kuchomeka pini.

Pini hiyo itokane na shafti chakavu ya gari, si nondo. Ngozi ya nje ya shafti ndiyo ngumu; ukiisaga kwa grainda, ndani hutoboka kwa drili ya mwendo wa taratibu. Saga sentimita 4 za mwisho pande mbili hadi ubaki ubapa wa milimita 10, kisha toboa tundu la milimita 12 kwa ajili ya kufuli lenye pete ya milimita 10. Halafu kata kipande cha bomba nene la inchi 4, urefu sentimita 15, na kuchomelea juu yake kifuniko cha pleti ya milimita 6 chenye tundu la kupita pini. Bomba hili huvikwa pini kwa chini, na kufuli hufungwa likiwa ndani ya bomba. Mkono na ufunguo hupita kwa chini. Mkasi haupati pa kubana, na diski ya grainda haifiki kwenye pete mpaka ikate bomba kwanza. Kelele za kukata bomba usiku wa manane kijijini, kila mtu anajua zinafika wapi. Hakikisha tu kati ya kifuniko na jicho haibaki nafasi inayozidi milimita 5, la sivyo bomba litasukumwa juu na kufuli litaonekana.

Kuchomelea kufanyike kufuli likiwa mbali. Moto huondoa ukomavu wa chuma, na pete iliyopashwa hadi ikawa nyekundu hulainika kama waya wa kufungia kuni. Na pini hii ni ya maegesho. Isitumike kuvutia mzigo, na pini ya kuvutia nayo isizuiwe kwa kufuli badala ya kizuizi chake. Siku trekta likizama kwenye tope na mzigo ukitakiwa kuachiwa haraka, ufunguo utakuwa nyumbani.

Kwa matela madogo ya pikapu, ambayo kikombe chao cha mbele hukaa juu ya gololi, yaani tufe la chuma lililo nyuma ya gari, tatizo huanza kwenye vipimo. Gololi za Ulaya ni milimita 50, za Marekani inchi 2, yaani milimita 50.8. Ipo pia ya inchi 1 na 7/8, sawa na milimita 47.6, na hiyo ikiingizwa kwenye kikombe cha 50 inaweza kuchomoka njiani. Kipimo huwa kimegongwa juu ya gololi au kikombe. Kufuli la tela lililoachwa peke yake liwe la kuingia ndani ya kikombe na kukijaza. Lile dogo la kwenye mkono wa kikombe ni la nyongeza tu, kwa kuwa tundu lake mara nyingi halizidi milimita 7, na kulipanua kunaudhoofisha mkono wenyewe.

Unaponunua, muombe muuzaji akuruhusu kupitisha tupa mara mbili tatu kwenye mguu wa pete, mahali panapoingia ndani ya kufuli. Tupa ikiteleza, chuma kimekomazwa. Ikiuma na kutoa unga, rudisha. Kwaruza pia tako la kufuli linalouzwa kama la shaba. Ukikuta kijivu chini ya rangi ya dhahabu, hiyo si shaba. Shaba halisi haishiki kutu, na kwa wenzetu wa Kigoma wanaozamisha tela la boti katika Ziwa Tanganyika ndiyo ya kutafuta, ingawa kwa nyundo ni laini kuliko chuma.

Kinachoua makufuli Tabora ni vumbi likisaidiwa na mwenye kufuli. Likianza kukwama anatia oili chafu ya injini, vumbi linanata, na ndani ya miezi michache pini ndogo za ndani zimeganda kwenye uji mweusi. Grisi hufanya vivyo hivyo. Grisi ni ya gololi.

Kulisafisha, geuza tundu la ufunguo litazame chini, pulizia upepo wa kompresa, kisha sukumia mililita 5 za spiriti kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Zungusha ufunguo mara kumi, ukiufuta kila mara, na uache kufuli likauke juani saa moja. Baada ya hapo tia unga kidogo wa grafiti; penseli laini ya 6B ikisuguliwa kwenye ufunguo itakuvusha siku mbili tatu, lakini ina udongo ndani yake. Miguu ya pete ipate tone la mafuta ya cherehani, kisha ifutwe. Makufuli ya vibati vinavyozunguka, mfumo uliobuniwa Ufini mwaka 1907 na Emil Henriksson, ni tofauti. Hayana springi, huvumilia vumbi vizuri, na hutaka mafuta mepesi, si grafiti. Kuchanganya vyote viwili ni kurudi kwenye uji. Kiangazi safisha kufuli kila baada ya wiki mbili. Tundu lifunikwe kwa kipande cha tyubu kilichoachwa wazi chini, si mfuko wa plastiki unaofungia unyevu.

Kufuli la mbele halimzuii anayezungusha mnyororo kwenye ekseli na kuburuta, kwa hiyo gurudumu moja nalo lifungwe kwenye fremu, mnyororo ukiwa umekazwa usiguse ardhi.

Vyama vya msingi vinavyoagiza matela kwa pamoja vingeweza kudai pini na bomba hili viwe sehemu ya oda. Na ufunguo wa akiba usikae kwenye boksi la spana la trekta. Ndio wa kuchongeshea nakala, kwa sababu nakala ya ufunguo uliolika huzaliwa ikiwa imelika.

Fundi wa matela,
Tabora