Barua kwa mwalimu wa walimu

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Dadangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mvua imetuandama wiki nzima na matatu zimepandisha nauli kama kawaida yake, ila sote tu wazima. Maparachichi yalifika, na watoto wanakushukuru.

Tangu tuongee Alhamisi maneno yako hayajanitoka. Ulisema wanachuo wako wananung'unikia vipindi vya elimu jumuishi, yaani kumfundisha kila mtoto, mwenye ulemavu na asiye nao, katika darasa moja, na kwamba hata wewe waanza kuona mwalimu mwenye moyo mzuri atayajulia mambo hayo kazini. Simu ikakatika kabla sijakujibu.

Mwaka 2011 nilikuwa na Darasa la Nne, watoto 63. Mvulana mmoja alikaa safu ya tatu, karibu na dirisha. Hesabu za ubaoni alizipata zote. Kwenye imla alipata mbili kwa kumi. Nikimwita nikiwa nyuma yake, haitiki. Kwenye ripoti ya muhula wa kwanza niliandika: "Mzembe na mkaidi." Mwandiko wangu, sahihi yangu. Mamake, muuza mboga, aliisoma akaniomba radhi, nami nikazipokea.

Katikati ya muhula wa pili niliteguka mguu, nikawa nasoma imla nimekaa kitini, nimewaelekea. Akapata tisa. Nikadhani ameibia, nikamwita mbele peke yake nimsomee upya. Hapo ndipo nilipoona macho yake yalivyonata mdomoni mwangu. Nikajifunika mdomo kwa daftari, nikarudia neno lile lile. Akabaki kunitazama, kalamu mkononi.

Tulimpeleka KISE, ile taasisi ya elimu maalumu pale Kasarani, akapimwa. Sikio moja halikusikia kabisa, la pili lilisikia kidogo. Mama akasema tangu utotoni masikio yalikuwa yakitoka usaha. Nilichofanya baada ya hapo hakikugharimu hata shilingi: nilimhamishia dawati la mbele, sikio lenye nafuu likiwa upande wangu, na nikaacha kuongea huku nikiandika ubaoni.

Moyo mzuri nilikuwa nao, dadangu. Nilikuwa nikimnunulia kalamu! Lakini chuoni tulikaririshwa maazimio ya kazi na maandalio ya somo mpaka usingizini, na hakuna aliyetuambia kwamba mtoto asiyesikia vizuri hufanana sana na mtoto mkaidi. Kwa hivyo nilijifunza kazini, kama usemavyo. Karo ya somo hilo aliilipa yeye, muhula mmoja na nusu.

Na si masikio tu. Kuna msichana wa Kisomali niliyemsumbua nikimdai jina la ukoo nijaze daftari la mahudhurio. Msomali hutaja jina lake, la babake, kisha la babu yake, na mwanamke akiolewa hubaki na majina ya kwao. Basi mtoto na mamake hawakuwa na jina hata moja la pamoja, nami mbele ya darasa zima nikamuuliza kama kweli huyu ni mamake. Hakulia. Ila hakuinua mkono tena kujibu swali mpaka nikaanza kujiuliza kwa nini.

Januari 2008, ile ya ghasia za baada ya uchaguzi, sitaki kuirefusha. Watoto walirudi shuleni wakijua kabila la kila mwenzao, na wawili waliokuwa wakigawana dawati wakaja kuniomba niwatenganishe. Nikawatenganisha. Kisha nikaendelea na hesabu za sehemu, kwa kuwa hicho ndicho nilichofunzwa kufanya. Leo ningekaa nao kwanza.

Hawa wako wana bahati. Stashahada ya ualimu wa shule za msingi iliyoanza 2021 imewapa somo la elimu jumuishi, na sisi wa P1, cheti cha ualimu cha zamani, tungelipata hilo, yule mvulana asingesubiri nitegue mguu. Ila wakinung'unika kwamba wanakaririshwa aina za ulemavu kwa ajili ya mtihani, hapo nawaelewa. Orodha ile hata mimi isingenisaidia. Wanahitaji kumwona mtoto mwenyewe, na kuuliza "kuna nini hapa?" kabla ya kushika kalamu ya ripoti.

Kwa hivyo nina ombi. Wakienda mazoezi ya kufundisha muhula ujao, niletee hata wanne. Siku ya kwanza nitawaketisha safu ya tatu karibu na dirisha, pamba masikioni, niwasomee imla nikitembea nyuma yao huku dirisha liko wazi na makanga wa matatu wanapiga kelele nje. Tusahihishe, kisha niwaonyeshe ile ripoti. Mama yule alinirudishia, na ninayo bado kabatini.

Nijibu kabla shule hazijafungwa ili nimwarifu mwalimu mkuu mapema. Msalimie baba watoto.

Ni mimi rafikiyo,
Mwalimu wa Umoja